Waliompa Mama Yangu Moja

Mtu aliyekula bugali ya matanga yetu kisha akaondoka na uso wa mama yangu ndani ya mashine yake, huyo mimi sijamsamehe. Watu wa kanisa wameniambia nisamehe. Nimewajibu wasamehe wao, maana wao hawakumpikia. Mimi nilimpa sahani kwa mikono yangu hii, sombe ya majani ya muhogo na ndagala, dagaa wa ziwa letu, nikamwongezea mchuzi alipomaliza, naye akaninyooshea kidole gumba. Asante ya punda ni mateke. Tunaisema kila siku, na kila siku tunampa punda majani.

Lakini nikianza na hasira nitamaliza na hasira, na hamtaelewa kitu. Acha nirudi nyuma kidogo.

Mimi ni mpiga picha wa Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, huku Kongo. Kazi niliachiwa na marehemu mume wangu, pamoja na chumba kimoja karibu na soko, ukuta wa buluu, kiti cha mbao na maua ya plastiki ambayo nayaosha kila Jumamosi. Napiga picha za makaratasi ya serikali, za ubatizo, za ndoa, za wanafunzi waliomaliza. Kwetu picha si kitu cha kupigwa ovyo. Mtu anakuja ameoga, amejipaka mafuta, amevaa kikwembe cha sikukuu. Anasimama wima, mikono imenyooka, na hacheki. Ukimwambia acheke kidogo anakuuliza, "Nicheke nini? Mi ni mutoto?" Anataka wajukuu wake wamkute akiwa mtu mzima mwenye heshima zake. Mimi nilifundishwa kazi hivyo, na mpaka leo sijaona sababu ya kubadilisha.

Na picha kwetu ni chache, kwa sababu vita vilizila. Vita vya kwanza vilipotufikia tulivuka ziwa kwenda upande wa Kigoma na sufuria mbili na godoro. Nani alikumbuka albamu? Vya pili vilipokuja nyumba ilichomwa, pamoja na negativu zote za mume wangu, watu wa miaka mingi wakiwa wamefungwa ndani ya maboksi ya biskuti. Nimeona watu wazima wakija studio kuniuliza kama kwa bahati nimebaki na uso wa baba yao. Sina. Kisha wakubwa walisema vita vimeisha, ila huku Fizi hakuna aliyekwenda kuziambia bunduki. Antena za simu zilifika, shule zikafunguliwa, na milimani waliendelea kuuana kama kawaida.

Mama alikuwa amebaki na watoto wawili, mimi na mdogo wangu wa kiume. Mdogo wangu alikuwa anachimba dhahabu huko juu Misisi. Mama hakuwa na picha hata moja ya sisi watatu pamoja, na alianza kunisumbua nayo. Kila nikimpelekea samaki: "Na ile foto?" Kila tukitoka kanisani: "We unapigaka foto ya bantu yote ya Baraka, ya mama yako njo inakushinda?" Basi nikampigia mdogo wangu nikamwambia ashuke Jumapili. Ijumaa akanipigia yeye.

"Dada, njia haiko muzuri. Banasema kuko bantu ya bunduki kule mbele. Ningojee juma lingine?"

Mimi siku hiyo nilikuwa nimetundika pazia jipya nyuma ya kiti, jekundu, na nilikuwa nimechoka na visababu vyake, maana alikuwa navyo tangu utoto. Nikamwambia, "We kila siku uko na sababu. Kuja tu."

Kuja tu. Ni hayo.

Jumamosi waliwaua njiani, yeye na dereva wa pikipiki. Ni akina nani, hakuna aliyesema. Kila kundi lilisema ni kundi lile lingine, na kila kundi lilituma pole.

Ile simu ya Ijumaa sikumwambia mama. Sikumwambia mtu yeyote. Kwa hesabu yangu, mama alijua tu kwamba mtoto wake alikuwa anashuka kwa ajili ya picha. Hakujua kwamba aliogopa, kwamba aliomba kubaki, na kwamba mimi ndiye niliyemkatalia. Nilikuwa naogopa macho ya mama kuliko ninavyoogopa kufa. Nilikuwa nikimpa chakula naangalia sahani, nikimsalimia naangalia mlango.

Siku ya tatu ya matanga alikuja huyo bwana. Alitoka mjini, Bukavu huko, kijana wa miaka thelathini na kitu, koti lenye mifuko mingi, na kamera ambayo mimi nilikuwa naijua kwenye matangazo tu. Mchungaji ndiye alimleta, akasema ni ndugu anayetaka kutulilia. Matangani kwetu humfukuzi mtu. Hata adui wako akija akakaa chini, unampa mkeka na maji. Huyu alipewa kiti kabisa. Alikaa na wanaume, akainamisha kichwa, akala. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba na wanawake wa jikoni, nasonga bugali ya watu wengi, moshi machoni, na nashukuru ule moshi maana ulinipa ruhusa ya kulia bila kuulizwa. Nilisikia sauti ya mama inapanda kule uwanjani, kisha nikasikia watu wote wananyamaza. Nilipotua sufuria na kufika mbele, mama alikuwa amekaa, wanawake wamemzunguka wanamfunika kichwa, na yule bwana alikuwa anafunga mkoba wake. Nikadhani alipiga picha ya watu tu. Akaniaga kwa adabu.

Ilipita miezi. Siku moja, katikati ya juma, saa nne ya asubuhi, nampaka poda bibi harusi mmoja, simu ikalia: ujumbe wa binamu yangu wa Uvira. "Dada, fungua hapa. Huyu si mama mukubwa?"

Nikafungua. Haki ya Mungu, brashi ya poda ilinianguka.

Yalikuwa mashindano ya picha za nyuso, ya huko ng'ambo, kwenye mtandao. Walikuwa wamechagua picha kumi, na mtu yeyote duniani mwenye simu aliruhusiwa kupiga kura mpaka Jumapili: kila picha unaipa alama, kuanzia moja mpaka kumi. Picha ya saba ilikuwa mama yangu. Uso tu, umejaza kioo chote. Kichwa wazi, kimenyolewa kwa ajili ya msiba, mdomo wazi, mishipa ya shingo imesimama, macho yanatazama moja kwa moja mbele. Mama yangu, ambaye hata kumwita mtu dirishani hawezi bila kwanza kufunga kitambaa! Chini yake yule bwana aliandika jina la picha kwa Kifaransa, na maana yake ni Huzuni ya Mama.

Niliipa moja. Palepale, bila kusoma kitu, niliandika jina la studio yangu nikabonyeza moja. Na niseme ukweli, hata sikuitazama vizuri. Nilitazama kichwa kilichonyolewa, nikatazama mdomo. Nilipofika kwenye macho kidole changu kilikuwa kimeshabonyeza. Bibi harusi akaniuliza, "Mama, kuko nini?" Nikamwambia kuna mwizi.

Nilimtafuta yule bwana nikampata. Nikamwandikia kwa Kifaransa changu cha shule ya wamisionari: nani alikupa ruhusa? Akanijibu upesi, kwa heshima nyingi mno. Eti, dada, nawaelewa; eti, picha hii inasema kwa niaba ya wamama wote wa Kongo; eti, ikishinda dunia itajua. Nilimjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa kwa sababu naimba kwaya. Baada ya hapo alinifungia, ujumbe wangu ukawa haufiki tena.

Vizuri, nikasema. Dawa ya moto ni moto. Anataka kushinda? Atashindwa na Baraka nzima.

Kabla ya kuanza vita yangu nilikaa nikasoma walichoandika wapiga kura, maana chini ya kila picha yalionekana majina yao, alama walizotoa na maneno yao. Picha nyingine tisa zilikuwa za amani. Mzee wa Asia na pipa lake, mtoto mwenye madoa ya jua, mvuvi wa nchi za baridi. Hizo zilipata saba, nane, sita, saba. Watu waliandika kwamba mwanga ni mzuri, wakaenda zao. Ya mama yangu haikuwa na saba. Haikuwa na tano. Ilikuwa na kumi, moja, kumi, moja, kumi, moja, utadhani watu wameangalia picha mbili tofauti.

Mwanzoni nilidhani waliompa moja ni watu wenye adabu kama mimi, wanaojua wizi wakiuona. Wachache walikuwa hivyo. Mmoja aliandika kwamba machozi ya mtu si mali ya kushindania, nikambariki hukohuko aliko. Lakini wengi hawakuandika juu ya mama hata kidogo. Waliandika juu yao wenyewe. Mmoja alisema picha hii inamfanya ajisikie vibaya bila sababu. Mwingine alisema, huyu mama ananitazama kama mimi ndiye nimemfanyia kitu. Mwingine alisema amechoka kulaumiwa. Na wale wa kumi wao walimwandika mama tu: maskini, mama wa watu, huzuni gani hii, nimelia. Hawa wa kumi walimhurumia wakajisikia wema. Hawa wa moja walitazamwa wakakimbia. Nilielewa siku ile kwamba picha ya uso ikiwa na nguvu, mtu haipi picha alama, anajibu alichoulizwa. Na mimi nilikuwa nimejibu haraka kuliko wote. Nikafunga simu upesi nikaenda kutafuta jeshi langu.

Nilianza na kwaya. Nikaenda kwa wanawake wa ndagala pale ufukweni. Nikaenda kwa majirani zangu Waislamu, ambao mama wa nyumba ile alikuwa rafiki wa mama yangu tangu utoto, na aliposikia kichwa cha rafiki yake kimewekwa wazi mbele ya dunia alipiga makofi akasema, "Astaghfirullah, mwanangu, nionyeshe pa kubonyeza." Nikaenda kwa madereva wa pikipiki, maana mwenzao alikufa siku ileile na mdogo wangu. Wote niliwaambia neno moja: "Ile foto ya mama, ya saba, muipe nafasi ya mwisho." Walikubali kwa moyo wote. Watu wa Baraka ukiwaambia kuna mtu wa kumkomesha, hawaulizi mara mbili. Kufika Ijumaa mchana karibu kila mwenye simu ya kugusa alikuwa ameshapiga kura, na asiye nayo ameazima.

Jumamosi asubuhi nikafungua kuangalia maiti ya adui yangu.

Picha ilikuwa ya kwanza.

Niliifunga nikaifungua tena. Ya kwanza, na imeiacha ya pili mbali. Nikasoma majina: kwaya yangu yote, kumi. Wanawake wa ndagala, kumi, kumi, kumi. Madereva, kumi. Jirani yangu wa Astaghfirullah, kumi! Nikatoka mbio na kandambili mguu mmoja, nikamkuta mwalimu wa shule ya msingi, jirani yangu mwingine, anakunywa chai, nikamtupia simu mezani. "Mwalimu, hawa watu wamenisaliti!"

Mwalimu alisoma, akasoma, kisha akaanza kucheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Dada, hawakukusaliti. Uliwaambia nafasi ya mwisho. Foto ziko ngapi?"

"Kumi."

"Sasa mwisho wa kumi ni ngapi?"

Weeh. Nilikaa chini. Ninyi wa mbali labda hamjui, lakini sisi kila mwisho wa mwaka wa shule tunajaa uwanjani kusikiliza matokeo. Direkta, mkuu wa shule, anasoma kwa sauti: wa kwanza, fulani! Watu wanapiga vigelegele. Wa pili, fulani! Anateremka hivyo mpaka wa mwisho, ambaye mama yake huwa ameshaondoka kimyakimya. Kwetu moja ni mtoto mwenye akili na kumi ni aibu, na hivyo ndivyo kila mtu wa Baraka alivyosikia kichwani nilipotamka neno nafasi. Walimpa mama yangu kumi ili wamzike yule bwana, na huko ng'ambo wakaandika kwamba picha ile imewagusa hata watu wa nchi yenyewe. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mwalimu alinimiminia chai, nikainywa kwa hasira, ikaniunguza ulimi.

Nikateremka ufukweni kurekebisha mambo. Muda ulikuwepo bado, na mashindano yaliruhusu mtu kubadilisha alama yake mpaka mwisho. Nilipowaeleza wanawake wa ndagala kosa letu walicheka wakashikana mabega. Wengi wakatoa simu wabadilishe. Mmoja hakutoa. Ni mwanamke mkubwa kwangu kidogo, anaanika samaki zake mbali na wengine, mtu wa maneno machache.

"Mi sibadilishe," akasema.

"Ulikosea, mama. Kumi ni ya juu."

"Nilijua. Mutoto wangu alinielezea. Nilimupa kumi kwa kusudi." Aligeuza ndagala zake kwanza. "Mama yangu alikufa mu vita ya pili. Sina foto yake. Niliangalia ya mama yako, nikasema, bon, walau kuko mama moja banaona. We ukitaka itoke, itoe. Kidole changu hapana."

Nilitaka kumgombeza. Nilikuwa na maneno tayari kabisa, ya wizi na ya heshima na ya kichwa kilichonyolewa. Niliyaacha palepale kwenye ndagala zake. Nikamwambia sawa, nikaanza kupanda kurudi, na kabla sijafika barabarani nikaona kitu ambacho nilipaswa kukiona tangu Alhamisi. Nilikuwa nimeiambia Baraka yote. Yote! Ili picha izikwe kabla mama hajajua.

Nilipofika kwake habari ilikuwa imeshanitangulia. Alikuwa amekaa mlangoni, kitambaa kichwani, anatenganisha maharagwe. Hakunisubiri nisalimie.

"Bamama batatu bamepita hapa banasema balinipigia kura. Moja ananiambia, pole, tulikosea, tutakutupa chini leo. Mi niko kandida ya uchaguzi gani?"

Siku nyingine ningecheka. Nikaanza kusema ni mambo ya simu, mama, ya vijana. Akanyoosha mkono. "Nionyeshe."

Nilimwonyesha. Nilikaa pembeni yake, si mbele, nikawa naangalia maharagwe. Nilingoja apige kelele kwa ajili ya kichwa chake. Nilingoja aibu. Alishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza mbali kidogo kwa sababu ya macho ya uzee, akakaa nayo muda mrefu.

"Ameandika nini hapa chini?"

"Ameandika Huzuni ya Mama."

"Aka!" Alisema hivyo kwa dharau. "Nani alimwambia nilikuwa na huzuni? Huzuni nilikuwa nayo ndani ya nyumba. Hapa nilikuwa nalaani."

Ndipo alinieleza. Mimi nilikuwa jikoni, sikuwa nimeona, na wenzangu hawakuthubutu kunisimulia, maana neno la namna hiyo halirudiwi. Kwetu mwanamke mzee akivua kitambaa chake mwenyewe mbele ya watu, kwa mkono wake mwenyewe, hajasahau adabu. Anafungua kinywa cha mwisho alicho nacho. Mama alisimama siku ya tatu, akavua, akasema kila mtu mwenye mkono wake ndani ya kifo cha mtoto wangu, aliyepiga, aliyetuma, aliyeonyesha njia, aliyejua akanyamaza, asilale, asishibe, asizikwe na wanawe. Ndiyo maana uwanja ulinyamaza. Ndiyo maana wanawake walikimbia kumfunika. Na katikati ya sentensi hiyo yule mjinga wa mjini, mwenye tumbo lililojaa bugali yangu, alibonyeza, akadhani amepata machozi.

"Sasa," mama akasema, "wale baliniona, banasema nini?"

Nikamwambia kwamba wamegawanyika. Kuna waliompa kumi, kuna waliompa moja, katikati hakuna mtu.

"Ba kumi banasema nini?"

"Wanasema maskini."

"Baache. Na ba moja?"

"Wanasema unawatazama kama wao ndio wamefanya."

Nikamwona mama anabadilika uso. Niseme alifurahi? Alifurahi. Furaha mbaya, ya mtu aliyetega mtego akasikia umefyatuka. Alisukuma ungo wa maharagwe pembeni.

"Bale njo nataka. Nisomee majina."

"Mama, ni watu wa ng'ambo. Hawakumjua."

"Na we unajua aliyeuza ile bunduki alikaa wapi? Soma. Muntu asiye na kitu rohoni hakimbii kuangaliwa."

Nikasoma. Mchana wa jua kali, watu wanapita wanatusalimia, na mimi namsomea mama yangu majina ya waliompa moja. Kwa kila jina aliuliza ni wa wapi. Ubelgiji, mama. Akatikisa kichwa: endelea. Kanada. Endelea. Bujumbura, hapa jirani. Hapo alininyamazisha kwa kidole, akalirudia lile jina mara mbili, polepole, kisha akasema endelea. Mengine sikujua ni ya wapi. Na nilikuwa naona linakuja, kwenye kioo, linapanda kila nikisukuma kwa kidole. Jina la studio yangu. Ningeweza kuliruka. Mama hajui kusoma, nani angejua? Nililiangalia likafika katikati ya kioo, nikasema, "Baraka."

"Baraka nani?"

"Mimi."

Ikabidi niinue macho, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nikamwangalia mama usoni. Yalikuwa macho yaleyale ya kwenye simu.

"Alinipigia Ijumaa," nikasema. "Aliogopa njia. Aliomba abaki. Mi nilimwambia kuja tu."

Nikangoja. Kama angevua kitambaa palepale, ningekaa vilevile, nisingeinuka.

"Najua," mama akasema.

"Unajua nini?"

"Alinipigia na mi. Nyuma ya kukupigia we. Akasema, mama, dada ananilazimisha, na njia ni mubaya, we unasema nini?" Alichukua harage moja lililoangukia kwenye kikwembe chake, akalitazama, akalitupa. "Alitaka mi nimukatalie. Mutoto akikataliwa na dada yake anakimbiliaka mama, njo ilikuwa hivyo tangu muko badogo. Na mi nilikuwa nataka ile foto. Nikamwambia, sikia dada yako."

Kuku walikuwa wanakula maharagwe kwenye ungo na hakuna aliyewafukuza.

"Siku ile," akasema, akionyesha simu kwa kidevu, "niliposema kila muntu mwenye mukono ndani, nilianza na wangu."

"Na mi, mama? Ilinipata?"

"Tuko wawili ndani."

Alisema kama mtu anayekwambia kwamba mnalala nyumba moja. Kisha akanirudishia simu mkononi, akanisogelea ili asikie vizuri.

"Soma," akasema. "Hatuko peke yetu."